MGENI KATIKA BAA ZA KWETU

Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Hapa Homa Bay na Migori tunapokea wageni wengi. Kuna madereva wa malori wanaoelekea Isebania na Tanzania, kuna wanunuzi wa samaki na wa dhahabu ya Macalder. Jua likitua huuliza: muziki uko wapi? Mimi ni mwanafunzi, sijaingia baa wala sheria hainiruhusu. Lakini babu amenieleza mengi, na ngoma zenyewe hunifikia kitandani. Basi nitaeleza mambo matatu ambayo mgeni anafaa kuyajua.

Kwanza ni namna ya kuketi. Kabla ya baa kulikuwa na mtungi. Wazee wa Kiluo waliuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya nafaka, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke, wenye kichungio kwenye ncha ili machicha yasipite. Babu husema mgeni hakujichagulia pa kuketi, alionyeshwa na mwenyeji, na vijana hawakukaribia. Hata huko Japani, katika baa ndogo za mtaani ziitwazo izakaya, watu humiminiana vinywaji, sio kila mtu kujimiminia mwenyewe. Kumbe kote duniani watu hawakunywa kwa ajili ya kulewa tu, bali pia kwa ajili ya kuwa pamoja. Kwa hivyo mgeni asiingie peke yake. Atafute mwenyeji, asalimie watu, na ale kwanza ugali wake kwa ngege au omena.

Pili ni muziki. Zamani mpiga nyatiti, ala ya nyuzi nane, aliketi kwenye kigoda kifupi huku amevaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigongea ala yake. Baadaye gitaa likaiga milio hiyo, tukapata benga. Mmoja wa mabingwa wake alikuwa D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka wa 1940 na kufariki mwaka wa 2006. Shirati ni ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori. Siku hizi pia kuna ohangla, muziki wa ngoma nyingi.

Tatu ni pakruok, na hapa ndipo wengi hunaswa. Mtu humpa mwanamuziki pesa, muziki unapunguzwa, naye anasimama kujisifu au kusifu wakwe, rafiki na kijiji chake. Atasema, kwa mfano, "Mimi ni mvua ya masika, sinyeshei shamba la jirani nikasahau la mama!" Watu hushangilia, muziki unarudi, kisha mwingine anasimama ili amshinde. Ni sanaa tamu ya maneno. Mgeni akisifiwa, si vibaya kutoa kidogo, lakini ajue kwamba mashindano hayo hayana mwisho.

Nasema hivi kwa sababu usiku mmoja nililisikia jina la baba mdogo kwenye kipaza sauti. Yeye ni mvuvi. Alisifiwa mara nne, na mimi nilifurahi sana pale kitandani. Jumatatu yake binamu yangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sikuwa na la kumwambia.

Zaidi ya hayo, mgeni aiepuke chang'aa asiyojua imetoka wapi. Mwezi wa Novemba 2000, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Sheria ya mwaka wa 2010 nayo iliwakataza walio chini ya miaka 18 kuingia baa, na ikapanga kwamba siku za kazi baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku.

Kwa kumalizia, wenzangu, sikatai ngoma wala sifa. Hizo ni mali ya wazee wetu. Lakini mtungi wa zamani ulikuwa na mwenyeji wa kumwambia mtu, "Sasa basi, nenda nyumbani." Katika baa za leo, mwenyeji huyo ni akili yako mwenyewe. Karibuni wageni, ila mkumbuke nauli ya kurudi!