Kisanduku cha "uzito": gunia limo au halimo?

Tuseme unatengeneza programu ya simu ya kupokelea korosho Chiola, kabla hazijaenda mnadani kupitia chama kikuu cha RUNALI. Kwenye skrini kuna kisanduku: "uzito". Wewe unajua ni kilo baada ya kutoa gunia. Ukimaliza chuo ukaondoka, nani mwingine anajua? Anayekufuata akitoa gunia mara ya pili, mkulima ndo anaumia.

Kwenye Java mambo ni rahisi. Unaandika maelezo juu ya msimbo ukianza na /**, kisha Javadoc au Doxygen inayakusanya kuwa kurasa za kusomeka. Lakini skrini za Android mara nyingi huandikwa kwa XML, na Doxygen yenyewe haiichambui XML hiyo. Nusu ya programu inabaki bila maelezo.

Dawa ipo. Maelezo ya XML hukaa kati ya <!-- na -->. Yaandike juu ya kila kisanduku: kinapokea nini, kwa kipimo gani. Halafu andika kichujio, yaani kiprogramu kinachochukua jina la kisanduku na maelezo yake, kikayatoa kwa sura ambayo Doxygen inaielewa. Kwenye mipangilio ya Doxygen, kitaje kichujio chako kwenye FILTER_PATTERNS.

Angalizo: ndani ya maelezo usiweke vistari viwili mfululizo, XML inakataa. Wala usiyachomeke katikati ya lebo.

Kompyuta inakusanya tu, haibuni. Kuandika "kilo bila gunia" ni kazi yako, tena leo, kabla hujasahau.