Kamera Iliyomfuata Simba

Mwaka 1956, George Adamson, msimamizi wa wanyama wa Jimbo la Kaskazini nchini Kenya ambaye makao yake yalikuwa Isiolo na ambaye watu walimwita Bwana Game, alileta nyumbani watoto watatu wa simba, mmoja wao akiwa Elsa. Mwaka huo huo, kule Ufaransa, Henri-Georges Clouzot alionyesha filamu ya makala isiyo na kisa wala shujaa, ila Picasso na kazi yake. Clouzot alimpa mchoraji wino wenye kupenya karatasi, akaiweka kamera upande wa pili, hata hadhira ikaona mistari ikijitokeza yenyewe: maua yakageuka samaki, samaki akawa jogoo, na jogoo naye akamezwa na uso. Hiyo ndiyo fadhila ya filamu za namna hii, kutufunulia yale aliyoyafuta mchoraji. Kwani picha iliyokwisha kutundikwa huzisitiri shaka zote zilizoizaa.

Basi filamu ya namna hiyo ingemfaa mkewe Bwana Game, Joy Adamson, ambaye kabla ya kupata sifa kwa simba alikuwa mchoraji hodari. Alianza na maua, akihimizwa na mumewe aliyemtangulia George, Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Na tangu 1949, kwa agizo la serikali ya kikoloni, akashika kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili, kazi iliyotolewa kitabuni mwaka 1967 kwa jina la The Peoples of Kenya. Alitumia rangi za maji, ambazo katika joto la kaskazini hukauka mara moja, zisimpe mtu muhula wa kusitasita.

Lakini David Attenborough alipokuja na kamera ya BBC, alimjia Elsa. Na sinema iliyotengenezwa juu ya maisha yao, ile ya 1966, vilevile ilikuwa ya simba. Si ajabu, simba huuza tikiti kuliko brashi.

Nami ningependa filamu itakayomwelekea zaidi yule aliyekalishwa kuchorwa: nani alimwambia avae mapambo ya sherehe siku isiyo ya sherehe, na nani aliyechagua upande wa uso? Yawezekana hata leo. Michoro ipo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na Isiolo wapo wazee wa Kiborana, Kisamburu na Kiturkana wawezao kuitazama shanga kwa shanga, waseme ipi ni ya mke wa mtu, ipi ni ya mwari, na ipi haikustahili kuwapo.