Mshale wa Nne

Ukifungua mgongo wa saa ya mkono ya otomatiki inayoonyesha majira ya nchi mbili, hukuti mashine mbili. Ipo moja, tena haina betri. Chuma kizito chenye umbo la nusu duara huzunguka mvaaji anapochezesha mkono, na mzunguko huo hukaza springi iliyoviringwa ndani ya kikopo. Springi ikijikunjua husukuma magurudumu yenye meno. Yangekimbia hadi springi ilegee, kama si gurudumu la mwisho linaloyumba kwenda na kurudi kuyakatiza: mapigo 8 kila sekunde katika saa nyingi za leo za aina hii.

Majira ya pili ni hesabu ya meno tu. Mshale wa dakika huzunguka mara 12, wa saa mara moja. Ongeza gurudumu linalozunguka mara moja kwa kila mizunguko 24 ya dakika, lipachike mshale wa nne, basi. Ndivyo ilivyokuwa GMT-Master, ambayo Rolex waliitoa katikati ya miaka ya 1950 na ikavaliwa na marubani wa shirika la ndege la Pan Am. Mishale yake miwili ya saa ilikwenda pamoja. Tofauti ya majira ilipatikana kwa kuzungusha pete ya nje yenye namba hadi 24.

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: mshale upi unasogea peke yake? Katika saa nyingi za bei ya chini ni ule wa saa 24. Humfaa aliyekaa ofisini Dar es Salaam akipiga simu London. Msafiri anataka kinyume chake (madukani saa za aina zote mbili huitwa GMT, bila haya), na ndicho ilichokuja nacho GMT-Master II mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo gurudumu la mshale wa saa lina sehemu mbili, zilizoshikanishwa kwa nyota ya ncha 12 inayobanwa na springi. Vuta kifundo cha pembeni kidogo, kizungushe: springi inaruka bonde moja hadi jingine na mshale unahama saa nzima. Dakika hazitikisiki, na ukivuka usiku wa manane tarehe inafuata.

Kasoro iko kwenye nyota hiyo hiyo. Ukitoka Dar es Salaam ukatua Dubai, mruko mmoja unatosha. Ukitua Mumbai, iliyotangulia kwa saa 2 na nusu, nyota haina nusu ya kukupa. Na ukisogeza dakika, majira ya nyumbani nayo yanaharibika.