Kufanana si undugu: maneno ya Kislavi na jamaa zake

Msomaji wa Kiswahili akifungua kamusi ya Kirusi kwa mara ya kwanza, atakuta maneno anayodhani anayajua. Atakuta "mama", kwa maana ileile ya kwetu. Atakuta "baba", kisha ashangae kuambiwa kwamba ni mwanamke, tena mzee. Atakuta "chai", na ni chai kweli. Atakuta "robot", wakati magazeti yake yanaandika roboti. Hatimaye atafika kwenye "dver", yaani mlango, na neno hilo atalipita bila kugeuka, kwa kuwa halimkumbushi chochote.

Wataalamu wa isimu historia wanaliona jambo hilo kinyume chake. Mama wa Kirusi na mama wa Kiswahili hawana undugu. Chai ni neno la mkopo kwa pande zote mbili. Roboti tumeipata kutoka kwa Waslavi. Na lile "dver" lililopitwa lina jamaa yake ndani ya nyumba ya kila Mswahili. Yote haya yanajulikana kwa sababu ipo mbinu ya kuyapima, nayo haitegemei masikio.

Lugha za Kislavi zina wasemaji takriban milioni 300 na zimegawanyika katika matawi matatu. Mashariki kuna Kirusi, Kiukraine na Kibelarusi. Magharibi kuna Kipolandi, Kicheki, Kislovakia na Kisorbi cha mashariki mwa Ujerumani. Kusini kuna Kibulgaria, Kimasedonia, Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kislovenia. Zote zimezaliwa na lugha mame moja, na hadi karne ya 9 tofauti zake zilikuwa bado ndogo. Tunayo maandishi ya kuyashuhudia hayo. Mwaka 863 ndugu wawili kutoka Thesalonike, Cyril na Methodius, walitumwa kuhubiri Moravia, Cyril akabuni alfabeti, wakatafsiri Maandiko kwa Kislavi cha wakati huo. Lugha ya vitabu hivyo, Kislavoni cha Kanisa, ndiyo shahidi mkongwe kuliko wote tulio nao.

Kabla ya lugha mame hiyo kulikuwa na nyingine ya kale zaidi, ile ya Kihindi-Kiulaya. Mwaka 1786 William Jones, jaji Mwingereza huko Calcutta, alitangaza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinalingana mno kiasi kwamba haiwezekani ikawa ni sadfa, bali lazima viwe vimetoka katika chanzo kimoja. Mwaka 1816 Mjerumani Franz Bopp alilinganisha minyambuliko ya vitenzi vya lugha hizo, na katika kazi zake za baadaye akaingiza Kislavi. Tangu hapo ukoo huu umechunguzwa kuliko ukoo mwingine wowote wa lugha.

Tuanze na mama. Mtoto mchanga wa popote duniani hutoa sauti zake za kwanza kwa kufumba na kufumbua midomo, kwa hiyo m, b na p humjia mapema pamoja na irabu a. Wazazi huzipokea sauti hizo kana kwamba wameitwa, wakazifanya majina yao. Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Moscow mwaka 1896, aliandika insha mashuhuri kuhusu jambo hili. Ndiyo maana Mgeorgia wa Kaukazi husema "mama" akimaanisha baba yake, na Mpolandi humwita baba yake "tata" sawa na msemaji wa Kilingala. Maneno ya namna hii huzaliwa upya kila mahali, kwa hiyo hayathibitishi undugu wa lugha yoyote. Neno la Kislavi lenye ushahidi ni lile la Kislavoni cha Kanisa, "mati", lenye shina "mater-". Hilo linalingana na "mater" ya Kilatini na "matar" ya Kisanskriti, tena si kwa sauti za mwanzo tu, bali hadi kwenye kiambishi tamati. Kiambishi hichohicho kinaonekana katika neno la kaka au ndugu wa kiume: Kicheki "bratr", Kilatini "frater", Kisanskriti "bhratar", Kiingereza "brother". Hakuna mtoto mchanga anayebwabwaja neno refu la namna hiyo kwa bahati.

Hapa ndipo mbinu linganishi inapoanza kazi. Mtaalamu haulizi kama maneno mawili yanafanana. Anauliza kama sauti za lugha moja zinajibiana na sauti za lugha nyingine kwa utaratibu usiobadilika. Chukua neno la mia: Kirusi "sto", Kilithuania "šimtas", Kilatini "centum", ambalo Warumi walilitamka kwa k, na Kiingereza "hundred". Kwa sikio hayana lolote la pamoja. Sasa chukua neno la moyo: Kirusi "serdtse", Kilithuania "širdis", Kilatini "cor" lenye mzizi "cord-", Kiingereza "heart". Penye s ya Kirusi pana š ya Kilithuania, k ya Kilatini na h ya Kiingereza, mara zote mbili. Neno la kumi linaongeza ushahidi katikati yake: Kirusi "desyat", Kilithuania "dešimt", Kilatini "decem". Utaratibu ukijirudia hivyo katika makumi ya maneno ya kila siku, sadfa haina nafasi tena. Lugha mame ilikuwa na sauti moja ya jamii ya k, na kila tawi likaibadili kwa njia yake.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuliamini jambo hili kwa kuambiwa tu. Mbinu hiyohiyo ndiyo aliyoitumia Carl Meinhof mwaka 1899 kuchunguza sauti za lugha za Kibantu, na ndiyo inayotuwezesha kuzungumzia Mame-Bantu leo. Mtu wa Kiswahili, "muntu" wa Kikongo, "omuntu" wa Kiganda, "umuntu" wa Kinyarwanda na "mũndũ" wa Kigikuyu ni neno moja, kwa kuwa tofauti zake zinafuata kanuni zinazoonekana pia katika maneno mengine ya lugha hizo.

Turudi kwenye "dver". Jamaa zake ni "door" ya Kiingereza, "durys" ya Kilithuania, "thura" ya Kigiriki na "foris" ya Kilatini. Tofauti ya d, th na f isikutishe, kwani inarudi kwa mpango uleule kwingineko: moshi kwa Kirusi ni "dym", na kwa Kilatini ni "fumus". Kiajemi nacho ni lugha ya ukoo huu, na mlango kwake ni "dar". Kutokana na "dar" Waajemi waliunda neno "dariche", mlango mdogo au dirisha. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara, likafika pwani yetu, nasi tukaliita dirisha. Kwa hiyo dirisha la Kiswahili na mlango wa Kirusi wametoka tumbo moja, ingawa lugha zenyewe, Kiswahili na Kirusi, hazina nasaba yoyote. Kirusi kilirithi neno lake, Kiswahili kilikopa. Asiyetenganisha urithi na mkopo hataelewa historia ya neno lolote.

Kislavi chenyewe kimekopa sana, na mikopo yake inatuambia Waslavi waliishi na nani. Mkate, "hleb", walilipata neno lake kwa Wajerumani wa kale, ambao jamaa zao Waingereza wanalo katika "loaf". Mwana wa mfalme, "knyaz", ni neno lilelile lililozaa "king" ya Kiingereza. Tunajua kwamba ni mkopo kwa sababu mnyambuliko wake unaeleweka ndani ya Kijerumaniki, ambako lina mzizi wa ukoo na kiambishi chake, lakini ndani ya Kislavi halichambuliki. Mtawala mkuu, "tsar", ni jina la Kaisari wa Roma, lile tulilo nalo sisi katika Biblia ya Kiswahili.

Mkopo ulio na faida kuliko yote kwa mtaalamu ni neno la mfalme. Kirusi husema "korol", Kipolandi "król", Kicheki "král". Asili yake ni jina la mtu mmoja, Karl Mkuu, mfalme wa Wafaranki aliyefariki mwaka 814. Sasa liweke kando ya neno la mji au ngome, ambalo katika lugha mame ya Kislavi lilikuwa "gord": Kirusi "gorod", Kipolandi "gród", Kicheki "hrad". Kirusi kimeweka irabu pande zote mbili za konsonanti r, huku Kipolandi na Kicheki vikiisogeza r mbele ya irabu. Ndiyo maana Novgorod na Belgrade zina miisho tofauti, ingawa zote zina neno lilelile la mji. Jina la Karl limepita katika mabadiliko hayohayo. Hii ina maana kwamba kanuni hiyo ilikuwa bado inafanya kazi wakati wa Karl, mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9. Jina la mtu anayejulikana tarehe zake limetupatia tarehe ya badiliko la sauti ambalo hakuna aliyeliandika lilipokuwa likitokea.

Maneno pia yanaweza kueleza mahali. Mti unaoitwa "buk" umejaa katika misitu ya Ulaya ya kati, lakini jina hilo Waslavi walilikopa kwa Wajerumani wa kale. Mwaka 1908 mtaalamu wa mimea wa Poland, Józef Rostafiński, alijenga hoja juu ya majina ya miti ya aina hii: watu waliokosa jina la asili la mti huo huenda hapo mwanzo waliishi mashariki ya mpaka wake, kuelekea vinamasi vya mto Pripyat. Hoja hiyo imejadiliwa na kurekebishwa tangu wakati huo, lakini ilifungua njia ya kutafuta kitovu cha Waslavi kwa kutumia msamiati wao.

Dubu naye ana habari yake. Katika lugha mame ya Kihindi-Kiulaya alikuwa na jina lililozaa "ursus" ya Kilatini na "arktos" ya Kigiriki. Kislavi kimelipoteza kabisa jina hilo. Badala yake kina "medved", yaani mla asali, kwa sababu "med" ni asali, jamaa wa "madhu" ya Kisanskriti. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni mwiko: wawindaji wa misitu ya kaskazini waliogopa kumtaja mnyama huyo kwa jina lake, wakamtaja kwa tabia yake, mpaka jina la kweli likasahaulika.

Mengine yalisafiri kutoka kwa Waslavi kwenda kwa wengine. Waslavi waliwaita majirani zao Wajerumani "nemtsi", neno lenye mzizi wa bubu, kwa kuwa lugha yao haikueleweka. Kupitia Kituruki jina hilo lilifika hadi Uarabuni, na mpaka leo nchi ya Austria kwa Kiarabu ni "an-Nimsa". Kuhusu roboti, mwandishi Mcheki Karel Čapek alichapisha tamthilia yake "R.U.R." mwaka 1920, na ndugu yake Josef ndiye aliyependekeza jina la watumishi wa kutengenezwa waliomo ndani yake. Alilitoa katika "robota", kazi ya shuruti ambayo wakulima walimfanyia bwana wa ardhi, na iliyofutwa katika milki ya Austria mwaka 1848. Kwa Kipolandi "robota" ni kazi, na kwa Kirusi "rab" ni mtumwa. Jamaa zake wa mbali ni "Arbeit", kazi kwa Kijerumani, na "orphanos", yatima kwa Kigiriki. Maana ya mzizi ilikuwa kufiwa na kubaki bila mlezi, na historia ya maana hizo inasikitisha: asiye na wa kumtetea ndiye aliyetumikishwa.

Na chai? Asili yake ni Uchina, "cha", na umbo lenye i mwishoni ni la Kiajemi. Kwa Warusi lilifika kwa njia ya nchi kavu kupitia Asia ya kati, kwetu likaja kwa njia ya bahari. Poland, taifa la Kislavi, haina neno hilo, bali husema "herbata", lenye "herba" ya Kilatini ndani yake. Kama chai ingekuwa urithi wa Waslavi, Wapolandi nao wangekuwa nayo.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu kila siku watu wanaambiwa kwamba neno fulani la Kiswahili limetoka katika lugha fulani, na ushahidi pekee ni kwamba yanafanana. Ukisikia dai la namna hiyo, uliza mambo matatu. Je, sauti zinalingana kwa utaratibu unaojirudia katika maneno mengine? Je, ndugu wa karibu wa lugha hiyo wanalo neno hilo? Je, kuna njia inayojulikana, iwe ya biashara, dini au utawala, ambayo neno lingeweza kupitia? Dai lisiloweza kujibu maswali hayo halistahili kuingia katika kitabu cha shule wala katika kamusi, hata likipendeza vipi.