Kanape ya wageni tuipime ikiwa imefunguliwa

Juma hili tunajibu ulizo ambalo limerudi mara nyingi katika mikutano yetu: je, inafaa kutoa pesa ya likirimba kununua kanape inayogeuka kitanda?

Wengi wetu hapa Bukavu tunaishi katika nyumba ya vyumba viwili na saloni ndogo. Wageni hawakosi. Leo ni shangazi aliyetoka Kabare kuja hospitalini, kesho ni watoto wa ndugu wanaofika na boti kutoka Idjwi, na kilio kikitokea hatuhesabu tena. Hatujasahau pia Mei 2021. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji wa Goma ikaamriwa kuhama. Wengi walishuka bandarini kwetu na watoto na mabegi, wakalala kwa jamaa. Kumfungia mgeni mlango si desturi yetu. Ila kila mgeni akija kuna mtu anayelipa, na mara nyingi si baba wala mama. Ni mtoto.

Sisi walimu tunamwona asubuhi darasani. Ametoa kitanda chake, amelala saloni juu ya mkeka. Hawezi kujinyoosha mpaka wakubwa wamalize mazungumzo na televisheni izimwe, na ni yeye anayeamshwa wa kwanza ili saloni ifagiliwe. Kwa somo la tatu kichwa kiko juu ya dawati. Tukimwita mzazi, jibu ni lile lile: tulikuwa na wageni.

Kuna jambo lingine ambalo wamama wanalisema kwa sauti ya chini. Nafasi ikikosekana, mgeni anaingizwa katika chumba cha watoto, hata cha wasichana. Awe mjomba, awe binamu, awe rafiki wa baba, mtu mzima hapashwi kulala chumba kimoja na watoto wetu. Hatusemi kila mgeni ana nia mbaya. Tunasema mama asijiweke katika hali ya kukesha akisikiliza ukuta.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, kanape hiyo inafaa, kwa shurti moja: iwe ya mgeni, na mtoto abaki kitandani mwake. Na tukiichagua, tuiangalie jinsi itakavyokuwa saa nne za usiku, watu wote wakiwa ndani, si jinsi inavyong'aa dukani mchana.

Dukani kanape imefungwa. Ikifunguliwa ni kitu kingine kabisa. Kabla ya kutoka nyumbani, tuchukue kipande cha kitenge cha yadi mbili, tukitandaze saloni, pale tunapotaka kuiweka. Kitenge hicho kina urefu wa karibu metre 1 na sentimetre 80, na upana wa karibu metre 1 na sentimetre 15. Kanape ya kliki-klaki, ile ambayo mgongo wake unashuka na kulala sawa na kikalio, ikifunguliwa inafika karibu sentimetre 190 kwa 130, yaani inapita kitenge kwa pande zote. Tena inabidi kuivuta mbali na ukuta ili mgongo upate mahali pa kushukia. Sasa tutembee kuzunguka kitenge. Meza itaenda wapi? Mlango wa chumba cha watoto unafunguka? Mtoto akitaka kwenda chooni usiku, atapita juu ya miguu ya mgeni?

Ile nyingine, yenye chuma kilichokunjwa ndani ambacho kinavutwa kuja mbele, inakula saloni zaidi. Toka ukutani mpaka ncha ya kitanda ni metre mbili na kitu. Katika saloni ya metre tatu unabaki na kinjia tu. Matela yake ni nyembamba, kwani inapashwa kukunjwa, na chuma cha katikati kinamwamsha mgeni kwa kumchoma mbavu. Spring ikikatika, kupata nyingine ya kipimo kile kile si rahisi. Sisi hatuipendekezi, hata kama muuzaji anaisifu kuliko zote.

Tunayoipendekeza ni ile ya fundi wa mbao wa mtaani. Benchi refu lenye kikalio cha sentimetre 80 kwa 190, na chini yake tirwari kubwa yenye matela ya pili. Mchana tunakaa juu yake. Usiku shangazi analala juu, na akija na binti yake tirwari inavutwa. Akiwa peke yake, saloni haipungui hata hatua moja. Shuka na blanketi za wageni nazo zinapata mahali pa kukaa.

Kwa fundi, tuangalie mbao kwanza. Libuyu ni mbao nzuri, nyekundu, inadumu, lakini ina bei. Mkaratusi unapatikana kwa bei ya chini, na si mbaya ukiwa umekauka. Ukiwa mbichi unapinda, na tirwari inakwama baada ya miezi michache. Basi tumwombe fundi atuonyeshe mbao kabla hajazikata. Avansi tusiitoe bila karatasi: aina ya mbao, vipimo, siku ya kumaliza, pesa iliyobaki. Na hiyo iliyobaki isitoke mpaka tulale juu ya kitu chenyewe, pale pale kwenye karakana, tugeuke upande huu na ule, tuvute tirwari mara kumi. Fundi atacheka. Acheke.

Matela ndiyo inayodanganya watu. Unene si nguvu. Sponji nyepesi inaweza kuwa na sentimetre 15, na baada ya miezi sita ikawa kama chapati. Muuzaji wa kweli anaweza kusema uzito wake kwa kila metre ya ujazo: kwa kulaliwa na mtu mzima tutafute kilo 25 au zaidi. Kama hajui, tubonyeze kwa ngumi mpaka chini na kuachilia. Isiporudi haraka, tuiache.

Juu ya kitambaa tusikae sana. Veluri ni nzuri kwa macho, lakini inashika vumbi na moshi wa mbabula. Tuchague kitambaa kizito cha pamba, chenye zipu, kinachovuliwa na kufuliwa. Wageni wanatoka safarini, na kunguni hawana adabu. Kifuko kikivuliwa tunakifua kwa maji ya moto, matela tunaipeleka juani, na mipasuko ya mbao tunaikagua kwa tochi, kwani humo ndimo wanajificha.

Tunafika kwenye moto. Nyumba nyingi za mbao za Kadutu zimekwisha kuteketea, tena usiku, na kila mtaa unajua. Kanape ikifunguliwa isizibe mlango wa kutokea, hata nusu. Kama hakuna njia nyingine ya kuiweka, basi kanape ile ni kubwa mno kwa nyumba yetu, hata ikiwa ni zawadi. Mbabula nayo isibaki saloni kumpasha mgeni joto. Bukavu iko kwenye metre karibu 1,500, usiku ni baridi, na mama mwenye huruma anafikiri anafanya vema. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na mtu anakufa usingizini. Tumpe mgeni blanketi la pili.

Kwa mama ambaye likirimba haijamfikia, matela mbili za sentimetre 10 zinatosha kuanza. Mchana zinalala moja juu ya nyingine kando ya ukuta, juu ya ubao ulioinuliwa kidogo ili unyevu wa sakafu usipande, zimefunikwa kitenge, watu wanakaa. Usiku zinatandazwa. Kamba na pazia toka ukuta mpaka ukuta vitampa mgeni faragha yake, na watoto watapita nyuma ya pazia kwenda chumbani kwao saa mbili, mazungumzo ya wakubwa yakiendelea.