Bunia: Kabla ya kununua kipuri cha gari la zamani mnadani, angalia upande wa usukani

Toyota iliacha kutengeneza Land Cruiser za aina ya 40 Japani mwaka 1984. Ndiyo maana wenye gari hizo husaka vipuri kwenye minada ya intaneti kama eBay. Kwa mnunuzi wa Bunia, mtego ni usukani. Kongo tunapita mkono wa kulia, usukani uko kushoto. Uganda na Japani ni kinyume. Dashibodi ya gari la huko haitaingia katika la hapa, hata ikiwa bei rahisi.

Basi muulize muuzaji namba ya kipuri na picha, kisha uhesabu usafiri na ushuru wa DGDA. Mnadani, ukishinda umenunua. Kurudi nyuma ni vigumu.