Damu ya Bibi kwenye Njia ya Misafara

Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara wa karne ya 19, alijua thamani ya bibi. Alipofika Utetera, mashariki ya Kongo, alidai kwamba bibi yake, aliyetekwa vitani zamani, alikuwa dada wa Mtemi Kasongo Rushie. Mtemi huyo mzee akaamini, akamwachia utawala. Wanahistoria wengi wanaiona hadithi hiyo kuwa ya kutunga, nasi tunaijua kwa sababu mwenyewe aliisimulia katika tawasifu yake ya Kiswahili. Lakini kwa wafanyabiashara wenzake, bibi kama huyo ndiye aliyeachwa nje ya nasaba.

Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Karunde anatajwa hadi leo kwa kuwa ni mtoto wa mtemi. Masuria walioletwa kutoka Manyema, huko Kongo, hawakuwa na bahati hiyo. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake alikuwa huru na alishika nasaba ya baba. Hivyo ukoo ukajaa "bin" mfululizo, na mama akapotea kimya kimya.

Mwilini hakupotea. Mitokondria, vinu vya nguvu ndani ya seli, vina DNA yake tunayorithi kwa mama tu. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya 1250 na 1800. Upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Damu ya Asia iliingia hasa kwa wanaume, kwanza Waajemi, na baada ya 1500 Waarabu wakazidi. Makaburi ya Tabora hayakuwamo, lakini kwa ndoa na usuria wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, ningeshangaa kukuta sura nyingine.

Hata hivyo, ukipima DNA yako, asilimia za maabara zipokee kwa tahadhari. Vizazi vitano nyuma una mababu na mabibi 32, kila mmoja akikuachia kama asilimia tatu. Maabara hulinganisha DNA yako na sampuli ilizonazo, na za watu wa bara letu ni chache. Kipimo hakitakutajia kabila la bibi. Neno Mmanyema lenyewe lilikusanya watu wa makabila mengi ya Kongo.

Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922 tu, kwa hiyo wapo wazee waliolelewa na watu walioujua. Kabla hujalipia kipimo, kaa na shangazi au bibi mzaa mama. Muulize mama yake aliitwa nani na alitoka wapi, kisha uandike.